Mwali wa Raymundi Ngollo

Huko kwa Ngollo, kusini mwa Tabora, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli kama mnyororo haukukatika, kundi la nyuki lililouacha mzinga wake kwenda kutafuta makao mapya liliitwa mwali. Hakuna aliyekumbuka neno hilo lilianza na nani. Babu yake Raymundi alikuwa mpagazi wa pembe, akienda pwani na kurudi kwa ile njia ya misafara, na huenda alilipata huko pamoja na kanzu yake na maringo yake. Lilikuwa neno la ukoo huo tu. Kundi likipita juu ya nyumba likivuma, wanawake waliacha kutwanga wakapiga vigelegele, na mwenye mzinga aliambiwa, "Mwali wako katoka." Naye alijibu, "Aende na heri." Mwali hakukimbizwa wala hakurudishwa.

Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mtu. Nyuki wamekuwa wengi, nyumba imejaa, binti amepewa watu wake akaanze maisha, na mzee wao amebaki nyumbani. Mzee huyo walimwita mtemi. Serikali ilipowafuta watemi baada ya uhuru, wale wa nyuki hawakupelekewa habari, wakaendelea kutawala.

Raymundi Ngollo alikuwa mrefu, mkavu, mwenye makovu ya miiba mikononi, na mchache wa maneno kiasi kwamba padri alipopita kigangoni kuungamisha, yeye alimalizwa upesi kuliko watu wote. Si kwamba hakuwa na dhambi. Alikuwa mvivu wa kuzieleza. Mizinga yake aliitengeneza kwa magome ya myombo, akaitundika juu ya miti mikubwa mbali na njia, na kila mmoja aliuchanja alama ya ukoo kwa kisu. Baada ya hapo hakuna la kufanya ila kungoja. Nyuki hawaitwi. Huja wenyewe wakipenda, na wasipopenda mzinga hukaa mtupu mpaka mjusi ahamie.

Katika kungoja huko alijifunza kutazama. Alilitazama pori kama mtu mwingine atazamavyo majirani zake, nani kaolewa, nani kazaa, nani kafiwa. Panya, alikuwa akimwambia mkewe Benedikta, huzaa kwa vikapu kwa sababu hana hakika na hata mmoja. Kanga asubuhi hupita na msururu wa vifaranga, jioni msururu umepungua, na mama mtu anaendelea kuparura. Nyegere, adui yake mkubwa, yule mla asali asiyejua aibu, huzaa mmoja tu, akaandamana naye mpaka mtoto ajue kupasua mzinga kama mama yake. Tembo naye ana mimba ndefu hata watu husahau kuuliza. Wote hao wanaishi pori moja, kila mmoja na hesabu zake, na pori halijamfukuza yeyote.

"Na sisi je?" Benedikta aliuliza. "Sisi tumezaa kama panya tukazika kama panya. Hatuna hata hesabu."

Alisema kweli. Katika watoto wote waliozaliwa kwenye nyumba ile walibaki hai wawili. Wa kwanza, Tobias, alikwenda Tanga kukata mkonge akiwa kijana, akaoa huko, akazoea bahari. Wa pili alikuwa kitinda mimba, Apolinaria, mtoto wa uzeeni, mwenye kucheka ovyo kanisani. Aliolewa na Dionis, kijana wa Lusu huko Nzega. Siku alipochukuliwa, Raymundi alisimama mlangoni akasema maneno yale yale, "Aende na heri." Kisha akaenda kutazama mizinga ambayo hata haikuwa na haja ya kutazamwa.

Mwaka uliofuata lile Azimio la Arusha, wakati watu wengine walikuwa wakitembea kwa miguu kuliunga mkono, Apolinaria naye alitembea, ila yeye alikuwa akirudi kwao. Alifika jioni, mtoto mgongoni, mkeka na sufuria kichwani. Mtoto alikuwa wa kike, amepewa jina la bibi yake, Benedikta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ni wazima huko?"

"Wazima. Ila sikuja kutembea, baba. Nyumba ya Lusu imejaa watu, na mimi na mama mkwe hatupikiki chungu kimoja. Dionis yuko mjini anatafuta kazi. Nimekuja kukaa mpaka apate chumba."

Raymundi aliutazama ule mkeka. Ujanani aliwahi kuona kundi lililokuwa likihangaika na mvua likajaribu kuingia kwenye mzinga wenye wenyewe. Wenyewe waliwatokea mlangoni. Kesho yake chini ya mti ule nyuki waliokufa walikuwa wamelala chungu nzima, weusi, siafu wakiwabeba. Tangu hapo hakuhitaji mafundisho mengine juu ya jambo hilo.

"Mwali akishatoka harudi mzingani," alisema.

"Si kukaa milele, baba. Mpaka apate chumba tu."

"Hata siku moja ni kurudi."

"Baba Tobias," mkewe alisema kutoka jikoni, "mtoto ana njaa."

Walikula, wakalala. Asubuhi Raymundi mwenyewe aliubeba mkeka na ile sufuria, akamsindikiza binti yake mpaka barabarani, akasimama naye mpaka lori likapatikana. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo baya zaidi. Mtu mwenye hasira hurudiwa na akili jioni. Aliamini anamtendea mema. Apolinaria alipanda, na lori lilipoondoka alitazama mbele.

Dionis alipata kazi ya kibarua kwenye reli na chumba huko Isevya, Tabora mjini. Apolinaria akawa anakaanga karanga na kuziuza. Habari hizo zililetwa na wapita njia. Yeye mwenyewe hakuja.

"Mwite mtoto," Benedikta alikuwa akisema.

"Nitaona."

"Utaona lini? Neno moja tu, Baba Tobias. Mwambie ulikosea."

"Sijakosea."

Masika ya pili baada ya hapo Benedikta alishikwa na homa ya kifua, akalala wiki chache, akafa. Apolinaria alikuja msibani. Alikaa na wanawake, alilia na wanawake, alipika na wanawake, na matanga yalipoanuliwa aliondoka nao bila kumuaga baba yake. Raymundi aliuona mgongo wake ukipotea katikati ya migongo mingine kwenye kijia, akajua fika mgongo wake ni upi.

Sasa alibaki peke yake. Mwanzoni watu walipita kumjulia hali, kisha wakapunguza, maana kumtembelea mtu asiyesema ni kazi. Alipika ugali wa mtu mmoja akashindwa kupima unga, ukazidi kila siku. Asali ya kwanza ya mwaka aliimega vipande viwili, kimoja chake kimoja cha Benedikta, akakumbuka, akabaki amekishika kile cha pili mpaka kikamtiririkia kiwikoni. Alikuwa mpweke, na upweke wake haukuwa ule wa kukosa watu, bali wa kumkosa mmoja. Alitaka Apolinaria aje, aingie ndani ya nyumba ile, aseme chochote, hata matusi. Lakini kumwita kungekuwa kusema kwamba neno lile la mwali harudi mzingani lilikuwa kosa, na kama lilikuwa kosa, basi Benedikta alikufa bure akibembeleza. Kwa hiyo hakumwita. Alingoja aje mwenyewe, kama alivyozoea kungoja nyuki.

Mwaka wa sabini na nne operesheni ilifika. Viongozi walipita mbele, lori na mgambo wakafuata, na watu waliokuwa wametawanyika porini, moshi wa mmoja hauonekani kwa mwingine, walikusanywa kando ya barabara kuu kwenye kijiji kilichoitwa Mtakuja. Nyumba ya kwa Ngollo iliezuliwa mchana kweupe mwenyewe akitazama. Hakubisha. Alipanda lori na kitanda, jembe, mwenge wa kufukizia nyuki na kiti cha Benedikta, akashushwa mahali palipokuwa na kigingi chenye namba.

Mtakuja palikuwa na watu wengi kuliko aliowahi kuishi nao maisha yake yote, na hapo ndipo alipokuwa mpweke kabisa. Nyumba zilipangwa mistari. Upande huu jirani alipiga watoto, upande ule jirani aliimba tenzi, na kila mmoja aliona unachopika. Ukiamka tu salamu zinakusubiri, "Mwangaluka, mwangaluka," mpaka ufike kisimani mdomo umechoka. Miti ilikatwa ili kupata mashamba, na nyuki nao wakaondoka. Raymundi alitembea kutwa kwenda kuitazama mizinga yake kule porini, akakuta nyegere ameshajua kwamba wenye mali wamehamishwa. Majirani walimtania, "Mzee Ngollo, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Utazoea." Miezi ilipita, na alichozoea ni kuitikia tu.

Mwishoni mwa mwaka huo kijiji kilipewa mizinga ya masanduku yenye nyuki tayari ili kuanzisha mradi wa asali, na bwana nyuki akatumwa kufundisha. Jina lake Yahaya, mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo mjini Tabora, kijana mnene mcheshi aliyewaamkia wazee wote mmoja mmoja kabla hajavua kofia. Raymundi alitarajia kumdharau, akashindwa. Kijana aliwashika nyuki taratibu, na alipoumwa hakujifanya hakuumwa.

Siku hiyo ya kwanza Yahaya alifungua sanduku moja, akatoa sega likiwa limefunikwa na nyuki, akawaonyesha mkubwa wao, mrefu, mwenye tumbo lililochongoka. "Huyu ndiye mama yao wote."

"Mtemi," Raymundi alisahihisha.

"Mtemi mwanamke basi, mzee. Kila unayemuona humu amemzaa yeye." Kisha akatoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, ya mkewe, akamtia yule mama nukta moja mgongoni ili siku nyingine wasipate taabu ya kumtafuta. Wanawake wa Mtakuja walicheka mpaka wakashikana. Nyuki amepambwa, kumbe anaolewa? Mzee mmoja akauliza kama mke wa bwana nyuki anajua vitu vyake viko wapi. Sanduku likafungwa.

Mvua zilipokaribia kwisha Yahaya akarudi, na bahati ilimpenda, kwani asubuhi hiyo hiyo kundi lilikuwa limetoka kwenye sanduku lile na kutua kwenye mti nyuma ya ghala. Lilining'inia kama mfuko. Watu walikusanyika kwa mbali.

"Mwali katoka," Raymundi alisema, kwa mazoea.

Yahaya alilikung'utia kundi kwenye kikapu, akalimimina mbele ya sanduku jipya, na nyuki wakaanza kuingia kwa miguu kama waumini. Akachutama akitazama. "Mzee, njoo uone." Raymundi alisogea. Katikati ya nyuki wale alipita mmoja mrefu, mabawa yamechakaa pembeni, na mgongoni ana nukta nyekundu.

Raymundi alitazama kwa muda mrefu. "Huyu si wa humu," alisema. "Huyu ni yule mzee."

"Ndiye."

"Amepotea njia. Anayetoka ni mwali."

"Hapana, mzee wangu. Anayetoka ni mama. Mwali hubaki nyumbani." Yahaya alimshika mkono, akampeleka kwenye sanduku la zamani, akalifungua. Ndani masega yalikuwa yamejaa asali, watoto wamefunikwa kwenye vyumba vyao, na pembeni kilining'inia chumba kirefu cha nta, bado kimezibwa chini. "Humu ndimo anamolelewa binti, na atatoka baada ya siku chache. Mama hakungoja. Alichukua wakubwa wa kutosha akaondoka nao."

"Kwa nini? Nyumba ni yake."

Yahaya alifikiri namna ya kueleza. "Huko nje ni hatari, wewe unajua kuliko mimi. Mvua, siafu, njaa. Makundi yanayotoka, mengi hayafiki mwaka. Sasa nani abebe hatari hiyo? Mama ameshazaa; akifa, alichokifanya kipo. Binti ana uzazi wake wote mbele. Basi mama humwachia nyumba, chakula na walezi, yeye huenda kubahatisha. Hiyo ndiyo hesabu yao."

Raymundi alisema, "Tangu lini?"

"Tangu waumbwe, mzee."

Watu wengine walikuwa wameshaanza kuuliza juu ya nta na soko. Raymundi aliondoka bila kuaga. Alikaa nyumbani kwake, mlango wazi, watu wakipita wakitoa salamu, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie hakuitikia. Vigelegele vyote vile, ukoo mzima, tangu babu na babu, walikuwa wakimpigia ajuza. Hilo angeweza kulicheka. Asingeweza kulicheka lile jingine, la binti yake. Alimkumbuka Benedikta akiuliza utaona lini, naye akijibu sijakosea, na aibu ikampanda mpaka akainama.

Wiki haikuisha alipanda basi kwenda mjini na kopo la asali.

Chumba cha Isevya alikipata kwa kuulizauliza. Apolinaria alikuwa uani anakaanga karanga kwenye kikaango kipana, amenenepa, kitambaa kimefungwa kichwani kama alivyokuwa akifunga mama yake. Alimwona, akaweka mwiko chini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu. Kaa hapa, hapana jua." Alimtolea kiti, akapokea asali kwa mikono miwili, akarudi kwenye karanga zake kwa sababu zingeungua.

Raymundi alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Alimweleza juu ya Yahaya, kichupa cha rangi, kundi lililotua nyuma ya ghala, mama mzee mwenye mabawa yaliyochakaa, binti aliyeachiwa nyumba na asali. Hakuwahi kumwambia binti yake maneno mengi namna hiyo. Apolinaria alisikiliza akikoroga.

"Kumbe mlikuwa mmekosea nyuki," alisema.

"Tulikosea. Tangu babu. Ningejua hivyo siku ile uliyokuja, nisinge..."

"Baba," akamkata, taratibu. "Nyuki hawakunifukuza. Nyuki hawana mdomo. Ulisema wewe."

Karanga zilikuwa zikipasuka kikaangoni. Raymundi alitazama mikono yake. Njia nzima alikuwa amewabeba nyuki wale kama mtu abebavyo zawadi ya posa, na sasa wamekataliwa mlangoni, na hakuwa na kitu kingine.

"Ni kweli," alisema. "Ulikuja na mtoto mgongoni nikakufukuza. Mama yako alitaka ukae, mimi nikakufukuza. Nisamehe."

Apolinaria aliepua kikaango. Akasema, "Ndilo hilo tu? Neno lenyewe lilikuwa dogo hivyo?"

"Ndilo hilo."

"Mama alikufa akilisubiri."

Machozi yalimtoka Raymundi bila sauti. Apolinaria hakumzuia wala hakumwacha peke yake. Alikaa pale pale, akipepeta maganda kwenye ungo.

"Nilikusamehe zamani, baba," alisema hatimaye. "Nilichoka kubeba. Lakini nisikudanganye, nilipokusamehe niliacha pia kungoja."

"Nina nyumba Mtakuja. Vyumba viwili. Wewe, Dionis, watoto..."

"Nitakuja kukuona. Kukaa, hapana. Maisha yangu yako hapa." Akaita kuelekea ndani, "Benedikta, njoo umwamkie babu."

Hakuna aliyeliita jina hilo mbele yake kwa miaka mingi. Raymundi aligeuka haraka. Msichana mdogo alitoka, akaamkia vizuri huku akimtazama mama yake, kama atazamavyo mtoto anayetaka kujua huyu ni babu wa upande gani.

Mchana alichinjiwa kuku. Aliwekewa meza ndani, na kitambaa cha mezani kilichofumwa kwa mkono, na sahani za maua zilizotolewa chini ya kitanda. Dionis alirudi kutoka kazini, akamsalimu mkwewe kwa heshima kwa kuchutama, kisha akatoka, maana mkwe hali na mkwe. Watoto walikula uani na mama yao; alisikia wakigombania mchuzi na Apolinaria akicheka, kicheko kile kile cha kanisani. Yeye alipakuliwa peke yake. Firigisi ilikuwa juu, imewekwa mahali pa kuonekana. Alikula yote, hakubakiza.

Jioni Apolinaria alimsindikiza kituoni na kumbebea mfuko wa matobolwa ya viazi vikavu na karanga za kukaanga. Alimwekea mzigo ndani ya basi, akashuka, akasimama dirishani mpaka dereva alipowasha gari. Alikuwa na sura njema, isiyo na kinyongo chochote.

"Karibu tena, baba," alisema.

Hivyo ndivyo anavyoambiwa mgeni. Mtu wa nyumbani huambiwa usichelewe, au uliza bei ya chumvi ukipita sokoni, au haambiwi kitu. Raymundi alilielewa neno hilo lote, na akajibu kama mgeni anavyojibu.

"Ahsante, mwanangu. Nimekaribia."